Mume wa Tatu wa Parvin

Maneno ya kwanza kabisa ambayo Parvin alimwambia Evyatar yalikuwa haya: "Usinifie hapa."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, soko la Mahane Yehuda limefurika, kila mtu anakimbizana na Sabato. Wasukuma matoroli walikuwa wanapita katikati ya watu kana kwamba wamepewa ruhusa ya kuua. Toroli moja la makomamanga likamkumba mwalimu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye miwani, aliyekuwa amesimama katikati ya njia anasoma karatasi. Nani anasoma karatasi sokoni siku ya Ijumaa? Likambwaga chali mlangoni pa duka la Parvin, kichwa kikaangukia gunia la ndimu kavu. Akatulia tuli, macho ameyafumba, makomamanga yamepasuka na maji yake mekundu yanamtiririkia shati jeupe.

Mimi nauza zeituni mkabala na duka lile, na niliona kila kitu. Wanawake walipiga mayowe. Gershon muuza samaki akaja mbio na ndoo yake ya maji, na tukamzuia, maana maji ya Gershon tunayajua. Lakini Parvin hakupiga yowe. Alitoka nyuma ya kaunta na gauni lake jeusi lililofungwa vifungo mpaka shingoni, kitambaa cheusi kichwani, akapiga magoti, akamshika yule mtu ukosi wa shati kwa mikono miwili. Uso ulikuwa umemwisha damu. Akamwambia polepole, meno yamebana, "Usinifie hapa. Unanisikia? Kafie popote, lakini si mlangoni kwangu."

Yule mtu akafumbua jicho moja. "Bado sijaamua," akasema.

Sisi sote tukaangua kicheko. Parvin hakucheka. Alimwachia ukosi, akarudi nyuma ya kaunta, akaanza kufuta mizani iliyokuwa safi.

Ngoja niwaeleze, maana wengi wenu mwaka ule wa sabini na tisa hamkuwepo. Parvin alikuwa na miaka thelathini na mbili na alikwisha kuzika waume wawili. Wa kwanza, Rahamim, alikuwa mwoka mikate, kijana mwenye shingo ya fahali. Alianguka mbele ya tanuri mwezi wa nane wa ndoa, akafa kabla mikate haijaiva. Wa pili, Natan, alikuwa fundi umeme. Huyo alipanda juu ya paa kutengeneza pipa la maji ya moto, ikiwa imebaki wiki moja watimize mwaka, akashuka kwa njia isiyo ya ngazi.

Kwetu mwanamke aliyefiwa na wawili ana jina, na ni jina baya, linalosema kwamba yeye ndiye anayewaua. Sheria ya wazee inasema asiolewe na wa tatu. Wanaume walikuwa wananunua lozi na zabibu kavu kwa Parvin haraka haraka, na kuondoka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikimwambia aniwekee chenji juu ya kaunta, asinipe mkononi.

Jumatatu yule mwalimu akarudi, bonge la nundu kisogoni.

"Nimekuja kuzipa pole ndimu," akasema.

"Ndimu hazijambo," Parvin akajibu bila kuinua macho. "Kuna kingine?"

"Nipimie nusu kilo. Za mama."

Jumatano akaja tena kwa nusu kilo. Alhamisi tena. Gershon akanisogelea na kisu chake cha magamba. "Hivi mama yake anakula ndimu kavu kiasi gani?"

"Mama yake," nikamwambia, "hata hazipendi." Namjua Naima, mama Evyatar. Ni mjane wa Kikurdi kutoka Zakho, anakaa mtaa wa nyuma, ana mwana huyo mmoja tu. Evyatar alikuwa anafundisha historia ya kale kwenye chuo cha walimu, ana miaka thelathini na sita, hajaoa, na mtaa mzima tulikuwa tumeshamkatia tamaa.

Kisha zikaanza simu. Duka la Parvin lilikuwa na simu nyeusi ukutani, na sauti ya Parvin, hata akinong'ona, ilikuwa inanifikia vizuri tu kwenye mapipa yangu.

"Duka la Hakimi."

Kimya, anasikiliza.

"Roho gani hiyo unayoiulizia? Hapa tunauza karanga." Kimya. "Huna darasa wewe? Wanafunzi wamekaa wanakusubiri, na wewe unaongea na muuza karanga." Kimya kirefu. Halafu, mara ya kwanza kwa miaka, nikamsikia Parvin akicheka, kicheko kidogo kilichozibwa na kiganja. Nikamwaga zeituni nusu ndoo.

Sabato moja alasiri walitembea pamoja bustanini, chini ya soko. Shangazi yake Parvin, Turan, aliwafuata hatua kumi nyuma akitafuna mbegu za maboga na kujifanya kiziwi. Turan ndiye aliyenisimulia haya yote baadaye, na kiziwi hakuwa.

"Kuna jambo lazima ulijue," Parvin alianza.

"Nalijua. Gershon aliniambia siku ile ile ya makomamanga."

Parvin akasimama. "Na ukarudi?"

"Nilirudi Jumatatu. Jumamosi na Jumapili kichwa kilikuwa kinauma."

"Evyatar, usifanye mzaha. Huogopi?"

"Siogopi."

"Kwa nini huogopi? Kila mtu anaogopa. Mimi mwenyewe ninajiogopa."

Akafikiri, akisukuma miwani juu ya pua. "Umewahi kusikia hadithi ya binti wa Ekbatana?"

Ekbatana ndiyo Hamadan, mji wa wazee wa Parvin. Hadithi ile haisomwi sinagogini, haimo katika maandiko yetu, lakini Shangazi Turan alimlea nayo: binti aliyeolewa mara saba, na mara saba pepo mchafu akamuua bwana harusi usiku wa harusi, mpaka alipokuja kijana wa nane kutoka Ninawi. "Na wa nane akapona," akasema Parvin.

"Unaijua."

"Wewe unaijua?"

"Ndiyo kazi yangu. Miaka sita sasa naiandikia kitabu."

Parvin akamtazama mtu huyu mwenye miwani kana kwamba ametumwa. Miaka sita. Kwake mtu aliyekaa na hadithi miaka sita ni mtu aliyeiamini miaka sita. Evyatar aliiona ile furaha usoni mwake, akajua imetoka wapi, akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea, na sitamtetea.

Wiki iliyofuata kitambaa cheusi kilitoka. Parvin alikuja dukani na gauni la kijani lenye vifungo vyeupe, nywele zimeshikwa kwa kibanio cha pembe, na wanaume wakaanza kujikwaa kwenye magunia yake. Lakini hofu haikutoka na kile kitambaa. Alimwekea Evyatar sharti: apige simu asubuhi akifika chuoni, na apige akitoka. Akichelewa dakika kumi, Parvin alikuwa anapima lozi huku macho yako ukutani kwenye simu, anampa mteja wa robo kilo kilo nzima.

"Basi lilichelewa, mpenzi."

"Lilichelewa kwa nini? Liligonga nini?"

"Halikugonga. Dereva alishuka kununua sigara."

"Kaa kiti cha katikati. Si cha mbele, si cha nyuma. Na usisimame karibu na mlango."

"Ndiyo, mama."

"Mimi si mama yako. Mama yako angekutunza vizuri zaidi."

Kisha ukaja mhadhara. Maktaba moja mjini ilibandika tangazo lenye jina la Evyatar kwa herufi kubwa, Jumanne saa kumi alasiri, wote mnakaribishwa. Hakumwambia Parvin. Alijiambia ni mambo ya kitaalamu, yatamchosha. Lakini Parvin aliliona tangazo kwenye nguzo, akafunga duka saa tisa, akavaa gauni la kijani na hereni za dhahabu za bibi yake, akamkokota Shangazi Turan mpaka ukumbini, wakakaa karibu na mwisho. Alitaka kumwona mtu wake akiwaeleza watu kwamba wa nane alipona.

Evyatar alikuwa mzungumzaji mzuri. Ukumbi ulikuwa mkononi mwake.

"Mtunzi anatuambia Senakeribu ni mwana wa Shalmanesa," alisema kwenye kipaza sauti. "Baba yake Senakeribu ni Sargoni. Mfalme mzima, mwenye majeshi na ndevu, kasahauliwa kama mwavuli kwenye basi." Watu wakacheka. "Mzee wa hadithi, baba wa yule kijana wa Ninawi, anatuambia alikuwa kijana ufalme wetu ulipogawanyika, na ni huyo huyo aliyepelekwa uhamishoni Ninawi. Katikati hapo pana miaka mia mbili. Alikuwa anakula nini?" Wakacheka tena. "Mwanawe anatoka Ninawi kwenda mashariki, na jioni ya kwanza analala kando ya mto Hidekeli. Mto uko magharibi ya mji, ndugu zangu. Ameupa mgongo. Kutoka Ekbatana mpaka Rage anasema ni mwendo wa siku mbili. Jeshi la Aleksanda lilikwenda mbio, likatumia siku kumi na moja. Kwa kifupi, aliyeitunga hakuwahi kufika huko, na hakumjua mtu aliyefika."

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Na wale waume saba, Daktari, walikufa na nini?"

"Hawakufa na kitu. Hawakuzaliwa."

"Na wa nane?"

"Wa nane hakupona," akasema Evyatar, na ukumbi ulikuwa umeshaanza kucheka, "kwa sababu hakukuwa na wa nane."

Shangazi Turan, ambaye anadai alikuwa amelala, alishtuliwa na kiti kilichosukumwa nyuma. Parvin alikuwa amesimama, rangi imempotea kama ile asubuhi ya makomamanga. Evyatar akamwona kutoka jukwaani. Alipomaliza kujikwamua kwa waliokuja kumpa mkono, Parvin na shangazi yake walikuwa wameshaondoka.

Kesho yake simu ililia tangu duka linafunguliwa. Parvin aliiacha. Saa tano akaichukua, na siku hiyo Evyatar alipaza sauti hata mimi nikamsikia.

"Uliondoka bila hata kunisalimu."

"Wa nane hakupona," akasema Parvin.

"Parvin, ule ulikuwa utani wa ukumbini."

"Nilikuuliza kama unaogopa."

"Nikakwambia siogopi. Na bado siogopi, roho yangu, hakuna cha kuogopa, ndicho ninachotaka uelewe, ni maneno tu ya..."

"Nilidhani huogopi kwa sababu unaamini wa nane alipona. Kumbe huogopi kwa sababu kwako hakuna kitu. Rahamim alikuwa hivyo hivyo, daktari alimwambia moyo wake mbovu, akacheka. Nilimwambia Natan asipande, upepo mkali, akacheka, akanibusu kutoka kwenye ngazi. Nimeshazika wawili waliocheka. Sitazika wa tatu." Akaitundika simu taratibu, akanigeukia mimi niliyekuwa nimejifanya nasafisha mapipa. "Na wewe, umesikia vizuri au nirudie?"

Nikaingiza kichwa ndani ya pipa.

Kitambaa cheusi kikarudi. Wiki ya pili Naima, mama Evyatar, akaja sokoni. Alisimama mbele ya kaunta, mkoba ameukumbatia kifuani, mwanamke mfupi mnene ambaye kwa kawaida anagombana na kila muuzaji mpaka bei ikome. Siku hiyo sauti ilikuwa chini.

"Binti, sina ubaya na wewe. Unajua nimekuja kuomba nini. Ninaye huyo mmoja tu."

"Nimeshamwacha, mama," Parvin akasema. "Wiki mbili sasa."

Naima akabaki ameduwaa. Alikuwa amejiandaa kwa vita.

"Lakini mwangalie," Parvin akaendelea, na hapo machozi yakaanza, akawa anayafuta kwa kiganja kilichojaa chumvi ya karanga. "Akivuka barabara huwa anasoma, mnyang'anye karatasi. Na asipande juu ya paa. Pipa lenu la maji likiharibika, ita fundi. Hata yeye akisema ni kazi ya dakika moja. Hasa akisema ni kazi ya dakika moja."

Naima akaondoka bila kununua chochote.

Na Evyatar? Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Yule bingwa wa kutoogopa, asubuhi moja akiwa darasani na chaki mkononi, alihisi kitu kikimchoma kifuani, upande wa kushoto. Ilikuwa kiungulia, mama yake alipika mbilingani. Lakini aliacha kuandika, akasikiliza moyo wake, na wanafunzi thelathini wakamsikiliza yeye anavyosikiliza. Tangu siku hiyo hofu ikamkalia. Akawa anajipima mapigo ya damu kwenye basi. Akifika Barabara ya Jaffa anasubiri mpaka apatikane bibi kizee wa kuvuka naye. Mtu aliyemtafuta mfalme aliyepotea kwa karne ishirini na saba akampata, alikuwa hawezi kufika upande wa pili wa barabara. Aliona aibu ya kufa. Na alimkosa Parvin mpaka chakula kikamshinda.

Akaenda kwa Shangazi Turan. Alimkuta jikoni, anaviringisha madonge ya unga wa dengu na kuku kwa ajili ya supu ya Sabato, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Umekuja kuniambia mto uko magharibi," Turan akasema.

"Shangazi, nimekuja kuomba radhi. Sikujua kama hadithi ile ni..."

"Kaa. Osha mikono, viringisha. Madogo kuliko hayo." Akampa bakuli. "Baba yangu alikuwa dereva wa lori, Hamadan kwenda Tehran. Rage ndiyo Rey, pale pale kando ya Tehran. Babu yangu kabla yake alikwenda na nyumbu. Bibi alipokuwa anatusimulia, akifika kwenye siku mbili, watoto wote tulikuwa tunampigia kelele: nyumbu gani huyo, ana mabawa? Kila mwaka. Hapo ndipo tulipokuwa tunapapenda kuliko kote."

Donge likamponyoka Evyatar. "Mlikuwa mnajua?"

"Sisi ni watu wa huko, mwanangu. Wewe ndiye uliyesomea."

Evyatar akainama kuliokota donge, na miaka sita ya maisha yake ikainama naye.

"Lakini sikiliza," Turan akasema, sasa bila mzaha. "Bibi alipofika kwa baba yake binti, yule aliyechimba kaburi la mkwewe uani wakati mkwewe bado mzima, ili akifa majirani wasijue, hakuna mtoto aliyecheka. Sote tulikuwa na baba wa namna hiyo. Sasa niambie wewe msomi. Yule kijana wa nane, alipoambiwa amwoe binti, alisema nini?"

Evyatar akajibu polepole. "Alisema anaogopa. Alisema amesikia saba wamekufa, na yeye ni mtoto pekee, akifa hakuna wa kuwazika wazazi wake."

"Imo kwenye karatasi zako?"

"Imo."

"Mbona hukuisema kwenye kile kidude chako cha kupayukia?"

Aliligeuza donge moja kiganjani. "Shangazi, mimi ninaogopa."

"Usiniambie mimi. Mimi siolewi na wewe."

Alhamisi mchana, soko limejaa, nikamwona anakuja. Hakuwa na karatasi. Shati halikupigwa pasi, ndevu za siku nne. Akasimama mbele ya kaunta, nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anachagua pistachio moja moja.

"Ninaogopa," akasema, juu ya kichwa cha yule mama.

Parvin akashikilia kijiko cha kupimia hewani. "Umesemaje?"

"Ninaogopa, Parvin. Sana. Nilisema siogopi, nilikuwa nasema uongo au nilikuwa mjinga, sijui. Siku hizi siwezi kuvuka Barabara ya Jaffa. Leo nimekuja kwa kuzunguka mpaka nyuma ya kituo cha mabasi. Saa nzima."

"Basi rudi nyumbani. Kaa ukapone."

"Sitaki. Nikiwa nyumbani ninaogopa peke yangu."

Yule mama wa pistachio akaacha kuchagua.

"Mimi nimeogopa peke yangu miaka tisa," Parvin akasema. "Hata wale wawili walipokuwa wamelala kando yangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia neno hilo."

"Nakwambia mimi. Na sitakwambia mambo yatakuwa sawa, maana sijui. Nitakwambia tu ninaogopa, na nipo, na nikuoe ukikubali."

Parvin akafunika uso kwa mikono. Nilikuwa nalia mimi, na zeituni hazihitaji chumvi zaidi.

Lakini sheria ni sheria. Wakaenda kwa Rabi Menashe, mzee mdogo wa sinagogi la mtaani ambaye Naima alikuwa hachemshi yai bila kumuuliza. Rabi aliwasikiliza, akavuta ugoro, akapiga chafya mara mbili.

"Mkiniuliza kama inaruhusiwa, nitasema hapana," akasema. "Kwa hiyo msiniulize. Badala yake niwasimulie. Zamani, nchi ya Misri, palikuwa na hakimu mkubwa wetu. Wakija kwake watu wa namna yenu kuomba ruhusa, hawapati. Lakini mwanamume akiwa ameshampa mwanamke kitu cha thamani mkononi mbele ya mashahidi wawili na kumtamkia maneno, basi ameshakuwa wake, na hakimu alikuwa hawatenganishi. Aliwaandikia hati ya ndoa kama kawaida. Wasomi wengi wamemfuata." Akafumba macho. "Mashahidi hata wa sokoni wanafaa. Jumatano saa nne nitakuwa hapa na wino. Nendeni, nina usingizi."

Jumatano saa mbili asubuhi mashahidi tulikuwa mimi na Gershon, ambaye nilimlazimisha avue aproni. Tulisimama dukani kwa Parvin kati ya magunia. Shangazi Turan alikaa kwenye kiti. Ninakiri nilikuwa naogopa. Nilifikiri, nikitoa ushahidi huu na mtu akafa, damu yake nitaiosha wapi?

Evyatar alikuwa ameanza kutoa mfukoni pete aliyoinunua, na mlangoni akaingia Naima, anahema, mkoba kifuani. Parvin akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu.

Naima hakumtazama mwanawe. "Siku ile nilikuja kukuomba unirudishie mtoto," akamwambia Parvin. "Ukaniambia nisimwache apande juu ya paa. Mimi niliyemzaa sikuwa nimefikiria paa." Akaanza kuisokota pete kidoleni, iligoma, akailamba, ikatoka. "Evyatar, ile yako irudishe dukani. Hii nakupa, zawadi, ni yako kabisa, si ya kuazima. Mashahidi mmesikia?"

"Tumesikia," tukasema.

Akamwekea mwanawe kiganjani. Sasa ilibaki mkono wa Parvin, na mkono wa Parvin ulikuwa ngumi.

"Umevuka barabara ukija?" Parvin akamuuliza Evyatar.

"Nimevuka."

"Ulitazama?"

"Mara nne. Watu wa basi walinitukana."

Parvin akafungua mkono. Evyatar akatamka maneno, akaiweka pete, na Gershon, mwanamume wa kilo mia moja na kumi, akakaa juu ya gunia la maharage akalia kama mtoto. Saa nne Rabi Menashe alikuwa na wino.

Mnataka kujua kama alikufa. Najua mnataka, hata sisi tulitaka. Mwezi wa kwanza soko zima lilikuwa linamtazama kila akipita, tunamhesabia siku. Ulipita mwezi wa nane wa Rahamim. Ilipita wiki ile ya Natan, na Parvin aliificha ngazi kwangu nyuma ya mapipa. Wakapata mabinti wawili. Kitabu chake kilitoka, makosa yote yamo ndani, wafalme na mto na siku mbili, na sura nzima juu ya kijana aliyesema anaogopa. Parvin hakuacha kuogopa hata siku moja. Alimpigia simu chuoni mpaka alipostaafu. Alimfuata kwa madaktari, alimkatia samaki miiba, na jioni nikifunga nilikuwa nawaona wameshikana mikono ukingoni mwa Barabara ya Jaffa, wanatazama kulia, wanatazama kushoto, wazee wawili ambao magari yote yameshawapita.

Alikufa, ndiyo. Alikufa mwaka elfu mbili na kumi na saba, Jumanne baada ya chakula cha mchana, kwenye kiti chake, miwani usoni, gazeti magotini. Alikuwa na miaka sabini na minne. Walikuwa wameoana miaka thelathini na minane.

Tulimzika kesho yake makaburini Givat Shaul, upepo unapeperusha vumbi la mawe. Parvin alisimama kati ya binti zake, amejikunja, koti lake limeraruliwa kifuani kama desturi. Nyuma yangu mjinga mmoja, mtoto wa yule wa toroli la makomamanga, akanong'ona kwa mwenzake, "Wa tatu huyo."

Alinong'ona kwa sauti kubwa mno. Parvin akageuka. Nilitaka ardhi immeze yule mtu, na kabla yake inimeze mimi. Parvin akamtazama, macho mekundu, bila hasira.

"Ndiyo, wa tatu," akasema. "Lakini huyu alichelewa."

Kisha akawageukia binti zake, akaendelea kulia.